Wilfred Threadgold na Maji ya Tansey Hill

Mchungaji, ndugu na jamaa, majirani, na nyinyi wenzetu wa banda la injini mliofika na makoti yenu ya zamani. Mimi ni Cyril Pegram, shemeji wa marehemu. Mke wake, Edna, ni dada yangu mkubwa. Nina miaka sitini na mitatu, nimechoka, na magoti haya hayapendi kusimama, lakini dada amesema nisome mimi na si mtu mwingine. Amenipa sharti moja: nisiruke mwaka 1938. Nikiruka, nisikanyage tena nyumbani kwake. Basi mnivumilie.

Marehemu Wilfred George Threadgold alizaliwa tarehe 22 Februari 1899 huko Leyton, mashariki mwa London. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa Bwana Amos Threadgold, kibarua wa kiwanda cha gesi, na Bi. Harriet. Alizaliwa mdogo kiasi kwamba mkunga alimwambia mama yake asihangaike kumtafutia jina. Bi. Harriet akampa mawili.

Alisoma shule ya kanisa mpaka alipotimiza miaka kumi na minne. Hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa balaa. Katika cheti chake mwalimu aliandika kwamba ni mvulana mkweli ila si rafiki wa sabuni. Kwa kazi aliyoichagua, hilo la pili halikumpunguzia kitu.

Mwezi Januari 1914 aliajiriwa kufuta masizi kwenye injini. Mwaka 1917 akaenda vitani Ufaransa, akarudi 1919, na kuhusu miaka hiyo miwili hakuna mtu hapa aliyewahi kusikia zaidi ya sentensi tatu. Aliporudi akawa mchochea moto, na mwaka 1931 akawa dereva kamili. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye injini za tangi, zile fupi zinazobeba maji yao ubavuni na makaa yao mgongoni, kati ya kituo cha Liverpool Street na Tansey Hill. Maili kumi na moja, vituo kumi na vitatu. Unafika, dakika nne, unarudi. Unafika tena. Kuna watu waliendesha magarimoshi ya kwenda Uskoti wakapigwa picha. Wilf alibeba makarani kwenda kazini na kuwarudisha, siku sita kwa wiki, na sidhani kama kuna karani hata mmoja aliyewahi kugeuka kumwangalia usoni. Wao walikuwa wanaangalia saa.

Alikutana na Edna mwaka 1924, na mnaofikiri ilikuwa dansini mmekosea. Nyumba yetu ilipakana na reli. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na kila Jumatatu mashuka ya mama yalirudi ndani yana madoa meusi. Siku moja Edna akachukua shuka moja, akatembea nalo mpaka kituoni, akasimama mbele ya injini iliyokuwa inapumua pale.

“Wewe ndiye unatuchafulia mashuka kila Jumatatu?”

Wilf akavua kofia. “Hapana, dada. Jumatatu ni zamu ya mwenzangu. Mimi nakuchafulia Jumatano.”

Tangu siku hiyo hakuna mchochea moto aliyetupia makaa motoni akipita nyuma ya nyumba yetu. Wilf aliwaendea mmoja mmoja kuwaomba. Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1926, wiki tatu baada ya tarehe waliyopanga, kwa sababu ya mgomo mkuu wa mwezi Mei. Mungu akawajalia binti mmoja, Maureen.

Haya, sasa mwaka 1938. Nilikuwa mchochea moto wake, mwaka wa nne tukiwa pamoja. Reli ya Tansey Hill inapanda mlima, kwa hiyo banda letu lilikuwa na desturi moja: injini zote ziwekwe bomba la moshi likielekea mlimani. Zinapanda zikitazama mbele, zinashuka kinyumenyume. Injini ya tangi haijali, inakimbia sawasawa pande zote mbili, na ndiyo maana ilipendwa kwenye safari hizi fupi ambazo hazina muda wa kugeuza kitu. Lakini maji yaliyo ndani ya boila yanajali. Bomba likiwa upande wa mlimani, maji yanarudi nyuma na kufunika paa la tanuri lililo huko nyuma, na kila mtu yuko salama. Injini ikigeuzwa, maji yanakimbilia mbele na paa linabaki kavu. Kwenye paa hilo kuna kizibo cha madini laini ya risasi. Paa likikauka, kizibo kinayeyuka na mvuke unamwagika juu ya moto. Boila linanusurika. Dereva hanusuriki, kwa sababu katika banda letu hapakuwa na aibu iliyozidi kuyeyusha kizibo.

Jumapili ya tarehe 16 Oktoba reli ilikuwa ikitengenezwa, injini yetu ikazungushwa kwa njia nyingine, ikarudi imegeuka. Jumatatu jioni tulipoipokea, Wilf aliliona jambo hilo kabla hajapanda.

“Shemeji, huyu leo tunapanda naye kinyumenyume. Nijazie kioo cha maji mpaka juu kabisa kabla hatujaondoka.”

“Nimesikia,” nikasema.

Sikusikia. Nilikuwa nimetoa kichwa nje nikibishana na mlinzi wa treni kuhusu mpira wa Jumamosi. Mkono wangu ukafanya kile ulichozoea: maji mpaka nusu ya kile kioo kinachoonyesha kimo chake ndani ya boila, basi. Hapa nilikuwa nimeandika “kwa bahati mbaya”. Edna aliyasoma haya kabla hayajapelekwa kupigwa chapa, akayafuta maneno hayo kwa wino, na amefanya vizuri.

Tulipofika katikati ya mlima nilitupa jicho kwenye kioo. Kilikuwa kitupu. Ukungu ulikuwa umeshuka na macho ya Wilf yalikuwa nje, yakitafuta taa za ishara. Ningesema wakati ule, tungesimama, tungeutoa moto, tungechelewa na kutukanwa, yakaisha. Niliona haya. Nilifungulia maji kimyakimya nikiomba yapande kabla hajageuka. Hayakupanda. Kizibo kikayeyuka, na mvuke ukajaa mahali petu tuliposimama mpaka sikuweza kuuona mkono wangu mwenyewe. Wilf ndiye aliyebaki ndani kufunga breki. Mimi nilikuwa tayari chini kwenye majani.

Lile lilikuwa garimoshi la saa kumi na moja na dakika arobaini, limejaa. Makarani mia sita walitembea kwa miguu kando ya reli kwenye ukungu, na njia ikafungwa saa mbili nzima. Wilf alishuka akiwa amemeza moshi na mvuke, akapepesuka, akatapika mbele yao.

“Amelewa huyo!” akasema mama mmoja mwenye kofia ya manyoya.

Kabla hatujafika kituoni, Tansey Hill yote ilikuwa na habari kwamba dereva alikuwa mlevi.

Siku ya tatu tuliitwa mbele ya wakubwa. Mmoja akauliza nani alikuwa anaangalia maji.

“Mimi,” akasema Wilf. “Mwenzangu nilimwambia ashughulike na moto tu.”

“Na ulikuwa umekunywa nini siku hiyo?”

“Chai, bwana mkubwa. Na sukari haikuwamo.”

Mmoja wao alicheka. Hawakumwamini. Tulipotoka kwenye korido nilimshika mkono.

“Wilf, ngoja nirudi niwaambie.”

“Uwaambie nini? Mke wako Ivy ana mimba ya miezi saba. Mtihani wako wa udereva ni mwezi Machi. Mimi nimeshaharibikiwa, tusiharibikiwe wawili. Nyamaza, shemeji.”

Nikanyamaza. Lakini alinitaka ninyamaze mbele ya wale wakubwa. Hakuniambia nimnyamazie dada yangu miaka thelathini na mitano. Hiyo niliiongeza mwenyewe.

Walimtoa kwenye magarimoshi ya abiria. Miaka mitatu alisukuma mabehewa ya mizigo uani, na vijana wa banda wakampa jina la Chai. “Chai, leo umekunywa vikombe vingapi?” Alikuwa anawajibu, “Njoo nikupulizie, uhesabu.” Mimi nilifanya mtihani wangu mwezi Machi, nikafaulu. Nyumbani, kila jioni Edna alimpokea mlangoni kwa busu, na lile halikuwa busu, alikuwa ananusa. Wilf alijua. Alikuwa anafungua mdomo kidogo ili kumrahisishia kazi. Na mimi Jumapili nilikuwa nimekaa mezani kwao, nakula nyama yao ya kuoka, huku nikimsikia dada yangu akisema, “Mwangalie Cyril, hajawahi kutuletea aibu.” Nilikuwa naomba nipitishiwe viazi.

Alirudishiwa abiria mwaka 1941, kwa kuwa vita vilichukua watu na hawakuwa na mwingine. Usiku wa mabomu na mchana wa mabomu alipanda ule mlima. Mwaka 1948 reli zikawa mali ya serikali, wakabadilisha rangi. Novemba 1960 ukaja umeme na injini za tangi zikapelekwa kukatwa vyuma chakavu. Madereva wazee walirudishwa darasani, na mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi. Wilf alikaa dawati la mwisho, akanyoosha mkono. “Mwalimu, hii ya umeme ina kioo cha maji?” Darasa zima likacheka. Mimi nilikwenda chooni nikakaa huko kwa muda. Siku ya garimoshi la mwisho la makaa, watu walipanga mstari na kamera, naye alikuwa kitandani na mafua. Alistaafu Februari 1964.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1968. Daktari alisema ni masizi ya miaka mingi. Mwaka huu alilazwa mara tatu. Mwezi uliopita nilimwendea hospitalini nikamwambia nataka kumweleza Edna.

“Sasa hivi?” akasema. Ilimchukua muda kupata pumzi. “Atakuja hapa kuniomba msamaha kutwa kucha, shemeji. Niache nilale.”

Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 9 Novemba 1973, saa tisa alasiri, Edna akiwa amemshika mkono.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumsaidia dada kuchagua suti ya kumzikia. Alikuwa anaipiga brashi kola. Akasema, “Alikuwa mume mwema, Cyril. Pombe ile moja tu ndiyo iliyomharibia.” Sikuweza tena. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, kama nilivyowasomea nyinyi sasa hivi. Alimaliza kola. Akahamia kwenye mikono ya koti.

“Nilimnusa mume wangu miaka yote hiyo,” akasema. “Kila jioni. Na wewe ulikuwa unakula hapa.”

“Ndiyo, dada.”

“Utayasema mbele ya watu wote. Mbele ya watu wa bandani. Na utayasema kwa jina lako.”

Basi, mimi ndiye Cyril Pegram, na nimeyasema. Wenzangu wa bandani, mlimwita Chai miaka ishirini na mitano, mpaka siku aliyostaafu. Dereva yule hakuwahi kupanda injini akiwa na tone la pombe. Maji yale yalikuwa kazi yangu.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Edna Threadgold, binti, Maureen, na mume wake, Bwana Dennis Hollick, wajukuu wawili, Gillian na Keith, na dada, Bi. Florrie Tuck wa Southend. Jina langu halimo. Mimi nililiandika, Edna akalitoa, akasema waliofiwa ni wale waliosimama naye. Nilimwomba walau nishike pembe moja ya jeneza, akasema watu wa kubeba wametosha.

Pumzika sasa, Wilf, upate amani uliyoninunulia mimi.