Mgombea Asiyetoa Hata Kofia

Je, wewe ungempigia kura mtu anayekuahidi kukuacha tu, bila kukuingilia? Hilo ndilo swali Qabale, muuza maziwa, alilomtupia Arero, mzee aliyepakia mbuzi wake wanne, juu ya lori la kutoka Kinna kwenda Isiolo. Nakolong, aliyekalia gunia la vitunguu karibu nao, usingizi ukamruka.

“Tangu kaunti zije, vizuizi vya barabarani vimezaana kuliko mbuzi,” Arero alisema. “Mgombea huyu ataviondoa. Serikali ikae kando.”

“Na kisima chetu kikiharibika, mzee wangu, nani atakuja? Hayo umeyaokota redioni. Alikupa fulana?”

“Hata kofia hakutoa.”

Nakolong alishangaa. Mgombea wa namna hiyo alikuwa hajapata kumwona.

“Basi alikuvutia kwa lipi?” Qabale aliuliza.

Mzee alikuna kidevu mpaka lori likasimama kwenye kizuizi cha kuingia mjini. Akatoa mfukoni kibali chake cha kusafirisha mifugo, kimekunjwa mara nne.

“Mbuzi hawa niliwazalisha kwa mikono hii. Wakati wa ukame niliwakatia matawi. Lakini kila wiki nasimama mbele ya afisa wa umri wa kitindamimba wangu, nasema tafadhali. Mgombea aliniuliza, ‘Mzee, unataka nini?’ Nikaona aibu, nikasema nataka barabara.”

“Kumbe ulitaka nini?”

Arero alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

“Nilitaka nipeleke mbuzi wangu sokoni bila kuomba ruhusa.”