Tarehe Ambayo Sonia Hakuambiwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Fiacre, mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome, naomba mnivumilie sauti ikikatika, kwa kuwa binti yetu Sonia anatusikiliza kwa simu kutoka Denmark.

Kaka yetu Cyriaque alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, Ngozi, Burundi, akasoma hukohuko hadi akawa mwalimu wa Kiingereza, akamwoa shemeji Emérite tarehe 7 Julai 1984, wakajaliwa mtoto mmoja, Sonia, na mwaka 2003 wakafika Johannesburg, wakapanga chumba mtaa wa La Rochelle, naye akawa fundi viatu kule Malvern, kwenye Jules Street, akisahihisha Kiingereza cha wateja bila kuombwa.

Sonia alihamia Denmark mwaka 2012, akamzaa Régis, na mtoto alipokua akiongea Kidenishi tu, kaka alitafuta kamusi ya Kiingereza na Kidenishi ili azungumze na mjukuu wake bila mkalimani. Hapo ndipo neno la Kiingereza get lilipomtesa, neno alilofundisha miaka yote akidhani analijua, maana ukipokea kitu Wadenishi husema få, ukienda kukichukua hente, ukielewa forstå, hali yako ikibadilika blive, akajaza daftari zima, na bado aliogopa kumwandikia mtoto neno lisilo mahali pake.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na historia ya marehemu hutaka tarehe, na Sonia tulimwambia ni ghafla. Haikuwa ghafla. Figo zilianza kumsumbua tarehe 11 Februari 2025, akatuapisha mimi na shemeji tusimwambie Sonia, akasema, "Nitawaandikia mwenyewe, yeye na mtoto, ngojeni nipate neno la kweli." Kwenye daftari kuna barua ya tarehe 2 Machi yenye sentensi moja, Jeg er blevet syg, na pembeni kwa Kiswahili, nimeugua, imekatwa na kuandikwa upya mara tisa, maneno yaleyale, haikutumwa, na mimi niliyempelekea uji kila siku nilinyamaza, hadi akafariki tarehe 3 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa La Rochelle waliotupikia, na mafundi wenzake wa Malvern waliofunga vibanda leo.

Sonia, mwanangu, tungekuambia mapema ungewahi kumwona. Kaka, kiapo chako nimekivunja mbele ya watu wote, wewe pumzika, hasira za Sonia nitazibeba mimi.