Nani Alilizamisha Trekta la Kikundi

Hebu niambie ukweli: unajua nini kuhusu trekta? Kama hujui kitu, usione haya, sogea ukae. Benchi letu liko pembeni ya gereji, ubao mmoja juu ya ringi mbili za lori, na hapo kutojua hakujawahi kumfunga mtu mdomo. Asubuhi ile trekta jipya la kikundi cha wakulima lilikuwa na siku ya tatu limezama bondeni, tope mpaka kwenye ekseli, kabla halijalima hata mstari mmoja. Kampuni iliyotuuzia ilikubali kulibadilisha ndani ya siku saba, na hiyo ilikuwa ya saba. Mvua za kupandia zilishaanza. Wanawake arobaini walikuwa wakingoja kulimiwa, mmoja wao Shangazi, anayetuuzia kahawa. Birika lilikuwa juu ya jiko la mkaa linafuka mvuke. Vikombe alikuwa amevifunika.

— Shangazi, mimina basi, alisema Fundi Nati, mwenye gereji.

— Simmiminii mtu. Nyie watatu ndio kamati ya kuchagua trekta. Niambieni kwa nini limezama, ndipo mnywe.

Kamati yenyewe ilikuwa Fundi Nati. Kamusi, karani mstaafu mwenye methali kwa kila jambo isipokuwa jambo lenyewe. Na Mwenyekiti wa kikundi, kalamu mbili mfukoni kila siku ya Mungu.

— Ni injini, alisema Fundi Nati. Injini za siku hizi zina kompyuta. Kompyuta ikiona tope inaogopa.

— Inaogopa, Shangazi akarudia.

— Inaogopa. Inapunguza nguvu yenyewe.

— Mimi nasema ni rangi, Kamusi akadakia. Jekundu mno lile. Na wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Trekta limeinama. Maana yake kuna kitu linatafuta.

— Linatafuta nini?

— Hapo wahenga hawakufika.

Mimi, wanayeniita Dada Digrii kwa kunikejeli, niliuliza kama kuna aliyesoma kitabu kilichokuja na trekta. Fundi Nati alinijibu kwamba vitabu ni vya wanaoanza.

— Hilo linavutwa na tairi za nyuma tu, nikasema. Tena nyembamba. Kwa bonde lile mlihitaji la kuvuta kwa tairi zote nne, na pana.

— Dada Digrii, alisema Mwenyekiti, hatukubahatisha. Kampuni ilipima udongo wetu, ikatuambia hili ndilo. Kosa ni lao, na barua nimeshaandika. Hatupigi magoti mbele ya muuzaji.

— Inasema nini hiyo barua?

— Kwamba wametuhujumu.

— Ni njama, Fundi Nati akaunga mkono. Wanataka lizame ili watuuzie la kulivuta.

— Na hilo la kulivuta likizama?

— Watuuzie la tatu. Ndiyo biashara hiyo.

Kamusi aliinama, akashusha sauti.

— Mimi nasikia chini ya bonde kuna sumaku. Inavuta chuma.

— Jembe langu ni la chuma, alisema Shangazi. Nimelima bonde lile miaka kumi na tisa. Kilichovutwa ni mgongo wangu.

Ndipo akafika mwanamke mmoja, buti za mpira zimejaa tope jeusi, karatasi mkononi. Alisema anatoka kwenye kampuni ya matrekta, na ameshashuka bondeni kuliangalia letu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kamusi, bila kusogea ili naye apate pa kukaa.

Mwenyekiti alimpa barua. Mgeni aliisoma amesimama, akaikunja, akamrudishia.

— Hii nikiipeleka itakwenda kwa wanasheria, na trekta litabaki palepale mpaka waelewane. Ninalo la kuvuta kwa tairi nne, naweza kulipakia kwenye lori leo, ila nijaze fomu hii kwamba sampuli ya udongo ilikosewa, na ilikosewaje. Udongo wa bondeni ni mfinyanzi, unanata kama gundi. Ule mlioniletea kwenye mfuko ulikuwa mchanga, unapita vidoleni. Mliuchota shamba la nani?

Fundi Nati akaanza kukagua spana ambayo haikuwa na tatizo. Kamusi alifungua mdomo, methali ikagoma.

— Udongo hubadilika, alisema Mwenyekiti. Ukikaa kwenye mfuko.

— Haubadiliki, mzee wangu.

— Kuna joto.

— Shamba la nani?

— Mimi siulizwi hivyo mbele ya watu.

Shangazi aliliinua birika, akalibeba mpaka mtaroni, akaanza kumwaga kahawa. Polepole, bila kumtazama mtu.

— Shangazi, unafanya nini sasa? Mwenyekiti akauliza.

— Namwaga. Nikimaliza nachukua jembe nakwenda kulima kwa mkono, kama mwaka jana na mwaka juzi. Na wenzangu thelathini na tisa nitawaambia kwa nini. Tena nitakutaja kwa cheo chako, Mwenyekiti. Umeulizwa shamba la nani. Sema la nani, au sema hujui.

Kahawa ilikatika, yakabaki matone. Mgeni alikuwa ameilaza fomu kiganjani, kalamu tayari. Mwenyekiti alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumsaidia, na mimi nilihakikisha hanipati.

— Si shamba la mtu, alisema. Mfuko niliujaza uani kwangu, kwenye fungu la mchanga wa kujengea.

— Na bonde liko mwendo wa nusu saa tu? Shangazi akauliza.

— Shangazi, njia yenyewe siijui. Tangu mnichague, bondeni sijawahi kufika. Hata siku moja.