Bi Kanda Anatuachia Chumba cha Sauti za Askari

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Kanda anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu, yote katika chumba kimoja: kile cha nyuma, chenye kanda za askari waliosimulia vita kwa midomo yao. Jina la nyumbani analo, lakini hapa hata mkurugenzi humwita hivyo.

Nimeandika mimi, mlinzi wa mlango. Waliosoma wapo tele, ila nani kati yao alikuwa vitani? Mimi nilikuwepo. Na tangu nishike mlango huu haijapotea hata kanda moja. Mwandiko mtanivumilia.

Alipokuja, kanda zilikuwa zimerundikwa kwenye maboksi ya sabuni, nyingine zimeota ukungu. Alizifuta moja moja. Kisha akawafuata askari majumbani. Mmoja alimfungulia mbwa. Kesho yake Bi Kanda akarudi na mfupa. Mimi nilimkatalia mwaka mzima, nikitaka nibembelezwe. Nikabembelezwa. Kanda yangu ndiyo ndefu kuliko zote, waulizeni.

Sasa niseme linaloninyima usingizi.

Koplo mmoja wa kikosi changu alirekodiwa kabla ya kufa kwa maradhi. Anaanza na kichekesho cha kamanda aliyepoteza kiatu matopeni, akaongoza gwaride mguu mmoja peku. Baada ya kiatu anaeleza mdogo wake alivyokufa vitani: siku mbili shimoni, akimwita mama. Mama yao yu hai. Aliambiwa mwanawe hakuteseka. Koplo akamsihi Bi Kanda, “Mama akija, ishie kwenye kiatu, dada. Nakuomba.”

Mama huyo, sasa bibi mzee, huja kila mwezi kumsikia mwanawe. Bi Kanda huketi ubavuni pake, kidole juu ya kitufe. Wakifika kwenye kiatu, bibi hucheka mpaka mtandio unamwanguka, na humo humo ndani ya kicheko Bi Kanda huzima. “Basi, mama.” Bibi hujifuta macho. “Mtundu huyu mtoto, alinitesa!” Kisha huenda zake.

Mrithi wa Bi Kanda anahamishia kanda zote kwenye kompyuta. Mtu atavaa vile vya masikioni, atasikiliza peke yake hadi mwisho. Nikamweleza habari ya bibi. Akanijibu, “Mzee, ushahidi haukatwi. Na bibi ni mtu mzima, ana haki yake.” Ni mpole, hana baya. Nikamuuliza, “Akianguka hapo, utamdaka wewe na hiyo haki?” Akageukia kompyuta yake. Hakukubali, namjua.

Bi Kanda naye tangu juzi anapanga rafu iliyokwisha kupangwa. Chai yake inapoa mezani.

Kwa hiyo, mkurugenzi, na karatasi hii isitoke nje ya jengo: Jumatano ya wiki ijayo bibi anakuja. Kanuni zinasema mstaafu arudishe kitambulisho, asiguse mashine. Kitambulisho atarudisha, yeye ni mtu wa utaratibu. Lakini mlangoni nipo mimi, na kanuni hizo sijawahi kuzisoma vizuri.

Asante, Bi Kanda, kwa niaba yetu tuliosimulia na wenzetu waliotangulia. Tunakuombea afya, na mapumziko ya raha mustarehe.

Yaanze Alhamisi.