Machela Iko Langoni

Risala ya Kikundi cha Kujitegemea na Kujiandaa kwa Dharura, Kijiji cha Gidmarda, Wilaya ya Hanang, kwa Ndugu Mkurugenzi wa Mashamba, tarehe 17 Agosti 1985, pamoja na maneno ambayo msomaji aliyaongeza mwenyewe.

Mgeni rasmi, Ndugu Mkurugenzi uliyesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam kwa ajili yetu; Ndugu Meneja wa Shamba la Ngano la Gidmarda; viongozi wa chama na kijiji; wazee wetu, shikamooni; na ninyi wengine wote mliokaa juani, poleni.

Mimi ni Scolastica Akonaay, katibu wa kikundi. Nasoma kwa niaba ya wanachama arobaini na mmoja.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, tunakukaribisha Gidmarda kwa mikono miwili. Tulikutegemea saa mbili, umefika saa nne na nusu. Barabara ile tunaijua, kwa hiyo hatuna neno.

Kabla ya kuendelea tunatoa taarifa fupi. Mwanachama mwenzetu Letisia, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, yuko kwenye machela pale Lango Namba Tatu la shamba. Uchungu ulimwanza jana mchana. Mama Imakulata, mkunga wetu, anasema mtoto amelala kwa upande na hatatoka bila daktari. Daktari yuko hospitali ya misheni, ng'ambo ya shamba. Kwa kukatisha shambani, wabebaji wetu wangetumia saa mbili. Kwa kuzunguka ni saa saba, na Mama Imakulata anasema hatazifikisha. Lango limefungwa kwa kufuli.

Mume wa Letisia anaitwa Joakimu, ni mlinzi wa shamba. Ndiye wa pili kutoka kushoto katika gwaride lililokupokea. Aliomba ruhusa asubuhi, akaambiwa mstari utapungua.

Sisi tulitaka ombi la ufunguo liwe aya ya kwanza ya risala hii. Ndugu Theodory, mshereheshaji wetu wa leo, aliturudishia karatasi mara mbili, akatufundisha kwamba maombi hukaa mwisho, baada ya matatizo, na matatizo hukaa baada ya mafanikio. Leo alfajiri tulimfuata tena tukamweleza habari za Letisia. Alisikitika sana. Alisema tusome haraka.

Basi tunasoma haraka.

HISTORIA

Baadhi yetu tulishuka kutoka Tlawi na Tumati miaka ya sitini, mashamba ya kule juu yalipokuwa yamegawanywa mpaka mtu akilima jembe linaingia kwa jirani. Huku uwandani tuliwakuta wenzetu Wabarbaig na ng'ombe wao. Tuligombana nao kidogo, kisha tukaoleana. Njia ya kwenda misheni ilikuwa moja, ya ng'ombe, imenyooka. Hakuna aliyeitengeneza.

Mwaka 1978 shamba lilikuja, likachukua uwanda, na njia ikabaki ndani. Tuliambiwa nchi inahitaji mkate. Sisi ni watu wa ugali, lakini tulielewa. Mahali njia ilipoingia shambani pakawekwa Lango Namba Tatu kwa ajili ya matrekta, na pande zake zote mbili ukachimbwa mtaro na kuzungushiwa seng'enge. Mwanzoni lango lilikuwa likiachwa wazi. Ngano ilipoanza kuibwa likafungwa, kwa amri iliyotoka juu. Ngano bado inaibwa, inapita lango kuu, kwenye malori.

Februari mwaka jana mwanachama mmoja, Efrazia, alifariki pamoja na mtoto wake mbele ya lango hilo, wakati mlinzi wa zamu akingoja kibali. Wakati huo hakuwa mwanachama kwa sababu kikundi kilikuwa hakijaanza, lakini tumemwandika. Uongozi wa shamba ulituletea barua nzuri ya rambirambi. Barua ilitushauri kwamba wananchi wajifunze kujitegemea wakati wa dharura badala ya kulitegemea shamba. Wiki iliyofuata tulianzisha kikundi hiki.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tumefanikiwa sana, na nakuomba uvumilie maana sehemu hii ndiyo ndefu.

Kila nyumba ya mwanachama ina debe mbili za mahindi na moja ya mtama ambazo haziguswi mpaka kikundi kiseme. Mwaka jana mvua ilipokatika, tulikula akiba hiyo kwa utaratibu, kijiko kwa kijiko, tukafika mavuno bila kuzika mtu. Lori la msaada lilifika tukiwa tunakoboa mahindi mapya. Tulilipokea kwa heshima, tukaliimbia.

Kila mwanamke mjamzito ana mfuko uliofungwa, umetundikwa nyuma ya mlango. Ndani kuna wembe mpya, uzi, sabuni, kanga mbili safi na kibiriti. Sukari ilipokosekana madukani wanaume wawili waliukagua mfuko wakidhani imefichwa humo. Wameelimishwa.

Tumetengeneza machela kwa ngozi ya dume. Wabebaji ni kumi na sita, wanne wanne, na hubadilishana wakikimbia bila kuiweka chini. Tulifanyia mazoezi kwa kumbeba mwenyekiti wetu kwa sababu ndiye mzito kuliko wote. Alisinzia, tukajua tumeiva. Tangu hapo tumebeba wagonjwa tisa kwa njia ya kuzunguka. Waliofika wazima ni sita.

Tunafahamu pia kuzima moto. Septemba iliyopita ngano ya shamba, iliyokuwa imechelewa kuvunwa, ilishika moto upande wa kusini. Gari la zimamoto la shamba halikuwa na dizeli. Tulitoka wote, wanawake kwa wanaume, na matawi mabichi na ngozi zilizolowanishwa, tukauzima kabla haujavuka barabara. Siku ile Lango Namba Tatu lilifunguliwa mara moja, tena na Ndugu Meneja mwenyewe, alikuwa amevaa kandambili. Baada ya moto tulipewa barua nyingine nzuri. Zote mbili zimetundikwa ofisi ya kijiji.

Mgeni rasmi, naona umeinua mkono. Nasimama.

Ahsante. Kwa wale walio nyuma ambao hawakusikia: Ndugu Mkurugenzi ameuliza kama huyo mama yuko langoni sasa hivi, na mimi nimejibu ndiyo, yuko sasa hivi. Ndugu Mkurugenzi ameagiza lango lifunguliwe mara moja. Tunashukuru kwa moyo wote. Tulijua ukisikia utasema hivyo, ndiyo maana tulitaka usikie mapema.

Ndugu Meneja amemwita Bwana Hermani, mlinzi mkuu. Bwana Hermani ni mtu mwema, kila mtu hapa anamjua. Amepiga saluti na kusema kwamba ufunguo uko ofisini, ndani ya kabati la chuma. Ufunguo wa kabati anao karani. Karani yuko likizo kwao Nambis, kwenye harusi ya mdogo wake.

Ndugu Meneja ameagiza Land Rover ya shamba iende Nambis. Naam, ile inaondoka. Itarudi kesho mchana, Mungu akipenda. Wiki iliyopita tuliiomba Land Rover hiyo ikae tayari kwa ajili ya Letisia, tukajibiwa kwamba ni ya shughuli za kikazi tu. Sasa imekwenda kufuata ufunguo.

Ndugu Mkurugenzi ametoa gari lake mwenyewe. Tunasema ahsante baba. Ndugu Theodory anamnong'oneza kwamba dereva amelipeleka Katesh kutafuta dizeli.

Nimeambiwa niendelee kusoma wakati njia nyingine inatafutwa.

MATATIZO

Tatizo letu la kwanza ni lango, na limeelezwa. La pili ni filimbi za kuwaitia wabebaji, tunazo mbili tu. Haya mengine yaliyopigwa chapa hapa nayaruka.

Mgeni rasmi, nitasema jambo ambalo halimo kwenye karatasi, na Ndugu Theodory ataniwia radhi. Efrazia niliyemsoma kwenye historia alikuwa binti yangu. Nilikuwa nimeshika mguu wa mbele wa kitanda tulichombebea, kwa sababu machela haikuwepo. Lango lile ni refu kupita mtu mrefu, na juu lina mistari mitatu ya seng'enge. Tulijaribu kumpitisha juu. Hatutajaribu tena na mtu mwingine. Mlinzi wa zamu alilia pamoja nasi huku ameshika bunduki. Alikuwa hana ufunguo wala kibali, na alikuwa na watoto watano wa kulisha. Sikumchukia siku ile na leo simchukii. Mtu ambaye nilitaka kumchukia sikumpata, kwa sababu kila niliyemwendea alinionesha mwingine juu yake. Sasa nimefika kwako, nawe umesema lango lifunguliwe, na bado limefungwa.

Nina hasira, Mgeni rasmi. Nimeikalia mwaka mmoja na nusu nikiandika kumbukumbu za vikao. Na leo tangu asubuhi naogopa, kwa sababu Letisia na Efrazia walipata komunio ya kwanza siku moja.

Narudi kwenye karatasi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi matatu.

Ombi la kwanza ni ufunguo wa Lango Namba Tatu. Tunaliondoa.

Tunaliondoa kwa sababu halina kazi tena. Wewe na viongozi mmekaa mkilipa shamba kisogo ili jua lisiwapige usoni. Sisi huku tunalitazama. Tangu nilipokuwa nasoma habari za mahindi, kina mama ishirini na wabebaji wetu wote, wakiongozwa na Mama Imakulata, wamekuwa pale wakiliinua lango kwa miti litoke kwenye bawaba zake. Fundi aliyelitengeneza ni mwenzetu. Anajua kwamba limekaa tu juu ya pini, halikuchomelewa. Mwaka jana alijua vilevile, akaogopa kibarua chake kuota nyasi, akanyamaza. Leo alfajiri alikuja kwangu akapiga magoti jikoni akanieleza. Niliuacha uji ukaungua. Kisha nikamwambia aende akawaoneshe wenzake. Jina lake hatulitaji.

Kufuli halikuvunjwa. Tunaomba hilo liandikwe. Kuvunja kufuli la shamba ni uhujumu, na kikundi chetu si cha wahujumu. Kufuli bado limefungwa pamoja na mnyororo wake, halina hata mkwaruzo, na liko kwenye lango, na lango limelazwa kwenye nyasi. Amri ya kutolifungua bila kibali imetekelezwa mpaka mwisho.

Machela imeshapita. Ukigeuka utaiona kwenye mabua, imelipita trekta lile bovu, na wabebaji wameshabadilishana mara moja.

Ndugu walinzi, msihangaike kukimbia. Kati yenu na lango tumekaa sisi tuliobaki, na wengi wetu ni wazee, itabidi mturuke mmoja mmoja, nasi tunainuka polepole. Bwana Hermani, ahsante kwa kuvua kofia.

Ombi la pili ni kwamba Joakimu aruhusiwe kutoka mstarini amfuate mke wake. Naona ameshaondoka. Ombi hili nalo tunaliondoa.

Limebaki la tatu. Tunaomba lango lile lisirudishwe. Kama ni lazima lirudi, basi kuwe na mtu mmoja hapa Gidmarda, mwenye jina na nyumba tunayoijua, ambaye ukimwamsha anafungua bila kuuliza mwingine. Na kama kosa limetendeka leo, mshitakiwa ni kikundi. Majina yote yako chini ya karatasi hii. La kwanza ni langu, na naomba nianze mimi, wengine wana mahindi shambani.

Hatujui kama Letisia atafika akiwa mzima. Saa mbili ni nyingi kwa mtu aliyeumwa tangu jana, na nyingine mbili zimepotea pale langoni. Mama Imakulata amekwenda naye, ameshika mfuko. Tunachojua ni kwamba yuko njiani. Binti yangu hakuwahi kuwa njiani.

SHUKRANI NA BARAKA

Mgeni rasmi, umetusikiliza mpaka mwisho, na bila kuombwa ulitoa gari lako. Hatutalisahau hilo. Chakula kiko tayari, ni kuku na ugali, na mkate tumeutafuta kwa ajili yako tukaukosa.

Mungu akurudishe salama. Mvua ikukute uko nyumbani. Ng'ombe wako wazae majike. Watoto wako waje wakuzike wewe, usiwazike wewe. Na siku utakapougua mbali na kwako, watu wakubebe, na pasitokee wa kuwauliza wanapita kwa ruhusa ya nani.

Ni sisi, Kikundi cha Kujitegemea na Kujiandaa kwa Dharura, Gidmarda. Wanachama arobaini tumesaini au kuweka dole gumba. Nafasi ya arobaini na moja ni ya Letisia. Atasaini akirudi.