Siku Tuliyoulizwa Kama Tumeshirikishwa

Wamama wa chama, sopa! Mlioitikia, asanteni. Mlionyamaza nawaelewa, siku hizi hata mimi sijibu salamu kabla sijajua mtu anataka nini.

Mnakumbuka kile kiwanda cha kuchoma tairi, huku kwetu nje ya Kitengela. Kabla kijengwe, mwenye kiwanda alituita kwa uwanja wa kanisa. Kulikuwa na tenti, mkate na soda. Akaongea juu ya kazi za vijana, tukapiga makofi. Halafu afisa wa mazingira akauliza, "Mmeshirikishwa?" Ndugu zangu, nawaambia, mimi ndio nilitangulia: "Ndiooo!" Kwetu kanisani kushiriki ni kula na kunywa, na si tulikuwa tumekula na kunywa?

Kiwanda kikajengwa, moshi ukaanza. Binti yangu mdogo akawa hawezi kufika kwa lango bila kushika kifua. Nikampeleka kwa dada yangu Rongai, nikabaki peke yangu nikishuku kila mtu. Mzee wa mtaa akinisalimia, najiuliza amepewa nini. Hata nyinyi, msikasirike, niliwashuku. Ndio maana niliacha kuja hapa.

Aliyenitoa kwa huo upweke ni jirani yangu anayefuga mbuzi. Simtaji, ako hapa anacheka. Alikuja akakataa chai yangu mpaka tumalize maneno. Akaniambia, "Mama, siku ile tulisalimiwa tu. Mtu hajakuambia moshi utaenda wapi, amekushirikisha nini?"

Tukaenda ofisi ya mazingira Kajiado kuuliza. Kumbe sheria inataka uelezwe madhara kwa lugha unaelewa, na usikizwe ukikataa. Nililia, na haikuwa huzuni, ilikuwa hasira. Wakili mmoja akajitolea, tukakata rufaa kwa mahakama ya mazingira kupinga leseni ya kiwanda. Mwenye kiwanda akasema tuliitikia wenyewe. Jirani akasimama, akarudia maneno yake kwa Kimaasai, yakatafsiriwa, na leseni ikafutwa.

Wanasema kimefungwa kabisa. Mimi bado kila asubuhi naangalia lile bomba. Lakini mtoto amerudi, na jana alikimbiza mbuzi mpaka nikamwambia aketi.

Asante jirani, asante wakili, asanteni nyinyi mlionipokea tena. Ninachowaachia ni hiki: ukiulizwa neno hulijui, uliza maana yake kabla hujaitikia.

Na sasa, naona kreti za soda hapo mlangoni. Mweka hazina ananiambia si sisi tumenunua. Wamama, wekeni hizo chupa chini kwanza. Ni nani amezileta?