Miguu Juu Mbele ya Mkwe: Risala ya Akina Mama wa Liwelu kwa Mganga Mkuu wa Wilaya

Mgeni rasmi, Daktari Augustino, Mganga Mkuu wetu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Kijiji, Padre, Tabibu Cleopa, mfawidhi wa zahanati yetu, Muuguzi Notburga, waume zetu mliojibanza kwenye kivuli cha ukuta, na nyie watoto mnaosukumana dirishani:

Kwa cheo chako tunakuamkia shikamoo. Kwa umri wetu tunaisubiri ya kwako. Tukishapeana zote mbili tutakuwa sawa.

KWANZA, KUHUSU TULIVYOKAA

Mgeni rasmi, umeingia ukatukuta akina mama watu wazima tumekaa chini kwenye mikeka, miguu tumeinyanyua juu ya vigoda, nyayo zinakutazama. Tunajua maana yake. Hata sisi binti zetu wakikaa hivyo mbele ya mgeni tunawafinya. Tunaomba usione dharau. Hii ndiyo dawa yetu, na saa hii ndiyo saa yake. Tulijadiliana kama tuishushe kwa heshima yako, mwenzetu Rosina akasema, "Tukishusha, atakuwa amekuja kutazama nini?" Tukaona ana haki. Na khanga tumejifunika vizuri, kama unavyoona.

Mimi ninayesoma naitwa Gaudiosa. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikikwama kwenye neno la kitaalamu Muuguzi Notburga atanisaidia. Nitasimama kidogo tu, halafu nitakaa.

ASILI YA KIKUNDI CHETU

Sisi ni wanawake wa usipa, hawa dagaa wa ziwa letu. Ngalawa zikirudi asubuhi tunaingia ziwani kupokea, maji yanafika magotini, halafu tunasimama kwenye chanja kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, mpaka jua linashuka upande wa Malawi. Wengine humu tumezaa watoto wengi, na kila mimba ilituachia kitu mguuni.

Ugonjwa wetu hauanzi kwa kelele. Jioni mguu unakuwa mzito kama umejazwa mchanga wa maji. Soksi za kanisani zinaacha alama. Asubuhi umepungua, unasema afadhali. Baadaye mishipa inatoka nje, inajikunja kama mizizi. Ngozi juu ya kifundo inawasha, unakuna, inakuwa nyeusi na ngumu. Siku moja unajigonga kidogo na ukuni, kidonda kidogo upande wa ndani wa kifundo, na kidonda hicho hakifungi tena. Kinakunywa maji, kinatoa maji, nzi wanakujua kwa jina.

Majina tuliyoupa ni mengi. Wengine walisema matende. Wengine walisema uzee. Na wengine walisema umekanyaga kitu ulichotegewa njiani, na hapo jirani wakaanza kutazamana vibaya kisimani. Tulipaka majivu, tulibandika majani yaliyopondwa, tulifungua vidonge vya rangi mbili na kunyunyiza unga wake. Rosina alikata mpira wa baiskeli ya mume wake akajifunga chini ya goti, akisema anazuia uvimbe usipande. Vidole vilikuwa vya baridi, vimebadilika rangi, ndipo akakubali kukata. Baiskeli nayo haikutembea msimu mzima. Mume wake bado anaizungumzia.

KWA NINI HATUKUJA ZAHANATI

Utauliza, mgeni rasmi, na zahanati hii ipo, ina bati, ina tabibu. Ni kweli. Na tabibu huyo ni mzuri, mpole, hachelewi kazini. Shida yetu haikuwa tabibu. Shida ni kwamba Tabibu Cleopa amemwoa binti yangu Edina.

Wewe ni mtu wa huku, hatuna haja ya kukueleza sana. Mama mkwe hakutani na mkwe wake uso kwa uso bila kujifunika, hampi mkono, akimwona njiani anakata kona. Kumwonyesha mguu, tena mguu wenye kidonda, mguu unaonuka? Ni afadhali kufa nao. Kwetu mkwe huleta kuku ili aibu ipungue, na Cleopa kuku alileta, jogoo mwekundu mkubwa. Jogoo nilimla. Mguu sikuuonyesha.

Na hawa wenzangu, kwa kuwa tumecheza pamoja na kuozwa miaka ileile, Edina kwao ni mtoto. Kwa hiyo Cleopa ni mkwe wao. Ikawa akina mama wa rika letu wote, kijiji kizima, ni mama wakwe wa tabibu mmoja! Akitokea upande huu, sisi tunapotelea upande ule. Alikuwa anamuuliza mke wake, "Hivi mama zako hawaugui?" Edina anajibu, "Wazima kabisa."

KUJA KWA MUUGUZI NOTBURGA

Muuguzi Notburga aliletwa hapa kwa ajili ya mama na mtoto. Sisi tulikuja kupeleka wajukuu kliniki. Siku moja alinipimia mjukuu, akamshusha kwenye mizani, akamkabidhi kwa mama yake, halafu akanitazama mimi.

"Mtoto mzima. Sasa bibi naye tumpime."

"Mimi siumwi, mwanangu."

"Nzi wale pale chini wamemfuata nani?"

Nikaivuta khanga chini. Akafunga mlango, akapiga magoti sakafuni, akakifungua kwa mikono yake kitambaa nilichofungia kidonda. Hakuziba pua.

"Umeanza lini huu?"

"Juzi."

"Juzi hii iliyogeuza ngozi nyeusi mpaka hapa, bibi, ni juzi ya mwaka gani?"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikamwambia yote. Nilipotoka nilimpitia Rosina. Rosina akampitia Ottilia. Kikundi kilianza namna hiyo.

TULIYOFUNDISHWA

Alitufundisha kwa pampu ya kisima cha shule, ile inayochoka. Ukipiga mkono maji yanapanda. Ukiacha, yanarudi chini, kwa sababu kile kingozi cha ndani kimelegea. Alisema mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni nayo ina vingozi vya namna hiyo. Vikilegea, damu inashuka na kutuama kifundoni kama maji kwenye dimbwi, na ngozi iliyolowana namna hiyo inachoka na kupasuka. Na mkono wa pampu ni msuli wa nyuma ya mguu. Ukitembea unapiga pampu. Ukisimama palepale kwenye chanja kutwa nzima, hupigi.

Basi tunatembea. Tukianika usipa tunahesabu chanja kwa kuzunguka, tunanyanyua visigino. Mchana tunalala chali na miguu juu kupita kifua. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi, hakipakwi majivu tena. Kisha bandeji ya kuvutika, na hapa ndipo kila mmoja wetu alikosea: tulidhani inaanzia panapouma. Inaanzia kwenye vidole, inazunguka kisigino, inapanda mpaka chini ya goti, na inabana zaidi chini kuliko juu. Siyo kama mpira wa baiskeli.

Lakini kabla ya kufunga, Notburga hutafuta kwanza mapigo juu ya unyayo kwa vidole vyake, anatulia kama anasikiliza redio ya mbali. Mwenzetu mmoja mguu wake ulikuwa wa baridi na mapigo hayakusikika. Huyo hakufungwa. Alipelekwa hospitali, ikaonekana mishipa inayopeleka damu ndiyo imebana, na bandeji ingemdhuru. Amepona vizuri, yule pale mwenye kilemba cha kijani. Tumefundishwa pia kwamba mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, haukandwi wala hausubiri siku ya kliniki, kwa sababu damu inaweza kuwa imeganda. Na pumzi ikibana, ni kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

MAFANIKIO

Vidonda vya wengi wetu vimefunga. Mimi mguu wa kulia umefunga, wa kushoto umebaki na kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi, nacho kilikuwa kama kiganja. Rosina amerudi kwaya. Majirani waliokuwa hawasalimiani kisimani kwa sababu ya "kutegewa" wameombana radhi, na hilo hakuna dawa ya dukani ingeliweza.

Mwanzoni wanaume walitusumbua. Mzee Egidi alipita mchana akatukuta tumelala, akasema, "Hawa sasa ni wageni wa hotelini! Nani atawaletea soda?" Mke wake Ottilia hakuinua hata kichwa. Akamjibu, "Njoo uubebe mguu huu mpaka ziwani na kurudi, halafu tuongee habari ya soda." Mzee Egidi akaondoka. Kesho yake tukasikia msumeno. Vigoda hivi vyote vya mteremko tulivyowekea miguu ni kazi yake, na kila kimoja amekipima kwa mguu wa mwenyewe. Asante, Mzee Egidi. Soda leo tutakupa wewe.

Kwa haya yote tunakushukuru, mgeni rasmi, kwa sababu wewe ndiwe uliyemleta Notburga. Huenda ulipomleta ulikuwa unafikiria watoto tu. Basi ujue ulituletea na sisi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, tena siyo kosa la mtu. Muuguzi Notburga mwenyewe ametuambia kwamba mwisho wa mwezi huu anakwenda kituo kipya cha kule juu milimani. Tulikaa kikao. Tulikaa muda mrefu.

Ilisemwa kwamba tukuombe umwache. Ndipo Rosina akakumbusha kuwa ana dada yake kijijini Litumbandyosi, mkulima, mguu wake ni kama ulivyokuwa wa kwetu, na yule bado anaufunika kwa kitenge. Milimani nako wapo wanawake wanaosimama kutwa kwenye kahawa. Wao nani amewapigia magoti? Kwa hiyo kikundi kimekubaliana kwamba hatuombi uhamisho uzuiwe. Ottilia amepinga. Ametaka iandikwe kwamba amepinga, nasi tumeandika.

Ila akiondoka, anayebaki na ujuzi wa kufunga bandeji hapa ni Tabibu Cleopa peke yake. Tumerudi palepale penye jogoo.

MAOMBI

Tunaomba bandeji za kuvutika zifike zahanati hii pamoja na dawa nyingine, maana mpaka sasa tunafua zilezile, na zikifuliwa sana zinalegea kama vile vingozi vya mishipa.

Tunaomba pazia la chumba cha kufungia vidonda.

Tunaomba, siku ikipatikana muuguzi mwingine mwanamke, Liwelu ikumbukwe. Hatukuwekei tarehe.

Na Notburga, popote aendapo, tunaomba apewe kiti kifupi. Amepiga magoti kwenye sakafu hii kwa ajili yetu mpaka tukaogopa na yeye ataanza kuumwa miguu.

YA MWISHO

Mgeni rasmi, hapa nasema mimi, ingawa kikundi kimenituma.

Tukisubiri muuguzi mwingine huku tumejificha, vidonda vitarudi. Notburga ametueleza wazi: mishipa iliyolegea haikazi tena, bandeji ni ya kila siku. Kwa hiyo lazima mama mkwe mmoja aanze, wengine wapate kumfuata. Na mama mkwe mwenyewe, wa kuzaa, ni mimi.

Kwa kuwa mimi na Tabibu hatuongei ana kwa ana, jana nilimtuma Edina akamuulize kama atakubali. Jibu lilirudi hivi: "Mwambie mama nitanawa mikono mara mbili, na nitatazama mguu tu." Nilikaa nikafikiri, mtu anayejibu namna hiyo nilimkimbia kwa miaka yote hii kwa sababu gani? Lakini aibu haina sababu, ipo tu.

Sasa nakaa. Naweka mguu wa kushoto juu ya kigoda cha Mzee Egidi. Muuguzi Notburga, mwanangu, simama karibu utazame. Mgeni rasmi, nawe tazama, uwe shahidi kwamba hakuna mtu aliyekosewa adabu hapa leo.

Tabibu Cleopa, mwanangu, karibu. Tafuta mapigo kwanza. Halafu anzia kwenye vidole.

(Kuanzia hapa anasoma Rosina, wakati Gaudiosa anafungwa.)

Mgeni rasmi, Mungu aibariki safari yako ya kurudi Mbamba Bay, abariki mikono ya Notburga kule milimani, na awape wanawake wa huko moyo wa kufungua vitenge vyao mapema kuliko sisi. Ziwa litupe usipa, na miguu ya kuufuata.

Tabibu akimaliza kwa Gaudiosa asiinuke. Tumeshajipanga, na Ottilia, aliyepinga, ndiye wa pili.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Miguu Juu,
Liwelu, pwani ya Ziwa Nyasa